SOMO LA UFUNDI: Chombo cha kulinganisha puli za mashine ya kusaga

Katika somo hili tutajifunza kutengeneza chombo cha mkono cha kupimia puli, ambacho kikundi chochote chenye mashine ya kusaga kinaweza kukitengeneza kwa siku moja kwa chuma chakavu na bolti nne. Fundi wa kuchomea vyuma atahitajika kwa saa moja hivi. Kazi iliyobaki ni ya wanakikundi wenyewe. Lakini kabla ya kufika kwenye vyuma, kuna kisa ambacho ni lazima nikieleze, maana mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Kikundi kimoja cha kina mama upande wa Kakuma kina mashine ya kusaga inayozungushwa na injini ya dizeli. Injini ni nzima na mashine ni nzima, lakini ilikuwa inakula belti. Mkifunga belti mpya, baada ya wiki chache upande wake mmoja umeliwa, na chini ya mashine kuna vumbi jeusi la mpira. Nyinyi mnajua belti zinatoka mbali. Kama haipo Kakuma ni kutuma mtu Lodwar, zaidi ya kilomita 100, na Lodwar ikikosekana ni kungoja gari kutoka Kitale. Siku hizo zote mashine imelala, kina mama wamerudi kwenye jiwe la kusagia, na wasichana hawaendi shule kwa sababu jiwe linataka mikono.

Ikafika mahali kikundi kikaanza kumshuku kijana anayeendesha mashine. Ati anauza belti nzuri na kufunga zilizochakaa. Kikao kimoja tu kilikuwa kimebaki afukuzwe. Na kumbe miezi michache kabla ya hapo mimi nilikuwa nimepita pale, nikafunga jicho moja, nikaangalia puli kwa jicho la pili, nikawaambia, "Ziko sawa." Hazikuwa sawa. Neno langu ndilo lililomponza huyo kijana.

Puli zisizolingana ni nini?

Belti ya V inataka kuingia kwenye mfereji wa puli moja kwa moja, bila kuvutwa upande. Puli zinaweza kukosana kwa njia tatu. Kwanza, zote zimenyooka lakini moja imesogea mbele kuliko mwenzake. Pili, moja imegeukia upande, kama mtu aliyeketi kwenye mkutano huku ameelekeza uso mlangoni. Tatu, shafti moja imeinama, kwa hiyo puli yake imelala kidogo juu au chini. Mara nyingi makosa haya huja pamoja, ndiyo sababu fundi akirekebisha moja belti bado inalia.

Kikomo kinachotajwa mara nyingi kwa belti za V ni nusu digrii. Kwa lugha ya rula, nusu digrii ni karibu milimita 9 kwa kila mita 1. Hicho ni kikomo cha mwisho. Sisi tulenge milimita 2 au 3 kwa mita, ili injini ikitikisika na bolti zikilegea kidogo bado tuwe ndani ya mpaka. Ikipita hapo, belti inaliwa upande, beringi zinapata moto, na kama mashine ina belti tatu, moja inabeba mzigo wa zote.

Vyombo vitatu tulivyojaribu

Njia ya zamani ni uzi. Unauvuta ukipita kwenye uso wa puli zote mbili, na unatakiwa kugusa mahali panne: kingo mbili za puli hii na kingo mbili za ile. Ni njia nzuri na usiidharau. Shida ni kwamba inataka watu wawili wa kuvuta na wa tatu wa kuangalia, na mvutaji akisogeza mkono kidogo tu uzi unajikunja kwenye ukingo bila mtu kuona. Tena ukianza kusukuma injini, lazima uzi uachwe. Unaporudi kuupima ni kama unaanza upya.

Tukajaribu ubao mrefu ulionyooka. Ulikaa vizuri wiki mbili, halafu joto la Kakuma likaupinda kama upinde. Tukajaribu chuma cha pembe chenye sumaku zilizotolewa kwenye spika mbovu, ili kijishike chenyewe kwenye puli. Hiki tulikipenda sana. Lakini sumaku ilikusanya vumbi la chuma, na punje ndogo ikiingia kati ya sumaku na puli, upande wa pili wa chuma unasogea mbali. Tena kwenye puli ya alumini sumaku haishiki kabisa.

Tulipokuwa tunasifu hicho chuma cha sumaku, mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi kwenye ekicholong yake akauliza, "Na hicho chombo chenu, nacho kimepimwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumenunua chuma dukani tukaamini kimenyooka kwa sababu ni kipya. Swali la huyo mama ndilo lililoleta chombo cha tatu, na ndilo nataka kukaa nalo kidogo.

Geuza, kisha pima tena

Chukua stuli ya miguu minne inayoyumba. Utajuaje kama mbaya ni stuli au ni sakafu? Utaizungusha. Ikiwa mguu uleule ndio unaoinuka popote unapoiweka, stuli ndiyo mbaya. Ikiwa kila mguu unaofika kwenye pembe ile ya nyumba unainuka, basi sakafu ndiyo mbaya. Watoto wanajua hivyo. Mafundi wengi hatufanyi hivyo kwa vipimo vyetu.

Pimamaji hukaguliwa vivyo hivyo. Iweke juu ya meza, angalia kipovu kimesimama wapi. Igeuze, kichwa kiende mahali pa mkia, iweke palepale. Kipovu kikisimama upande uleule wa meza, kwa umbali uleule kutoka katikati, pimamaji ni nzuri hata kama meza imeinama. Kikihamia upande mwingine, pimamaji ina kosa, na kosa lake ni nusu ya tofauti uliyoiona. Skwea nayo: ibane kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, ipindue, chora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilala pamoja, ni nzuri. Ikiachana, kosa ni nusu ya mwachano. Hakuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta skwea bora ya kulinganishia. Chombo chenyewe kinakuambia.

Si sisi tu tuliosumbuliwa na swali hilo. Huko Uingereza mwaka 1840 mhandisi Joseph Whitworth alieleza mbele ya wataalamu namna ya kupata uso wa chuma ulio bapa kabisa bila kuwa na kitu bapa cha kuigia. Unachukua sahani tatu. Sahani mbili ukizisugua pamoja zinaweza kukubaliana huku moja ina tumbo na nyingine ina shimo. Lakini ya tatu ikiletwa na kulinganishwa na kila moja kwa zamu, udanganyifu wao unaonekana. Yeyote aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa watu wawili wanaofichiana siri ataelewa.

Chombo chenyewe: fito na ncha nne

Basi tukaacha kutafuta chuma kilichonyooka. Tulichukua bomba la mraba la milimita 25, refu la kutosha kufika kutoka ukingo wa nje wa puli ya mashine hadi ukingo wa nje wa puli ya injini. Letu lilikuwa karibu mita moja na nusu, na lilikuwa limepinda kidogo kwa sababu lilitoka kwenye geti la zamani. Haidhuru. Kwenye chombo hiki bomba ni la kubeba tu. Kazi ya kupima inafanywa na ncha za bolti nne, na ncha hizo utazinyoosha wewe.

Bolti ni zile za milimita 6, ambazo vichwa vyake hufunguliwa kwa spana ya 10, zenye urefu wa kama sentimita 8 na meno mpaka juu. Kwa nini hizo? Kwa sababu bolti ya kawaida ya milimita 6 ikizungushwa mzunguko mmoja husogea milimita 1 kamili. Nusu mzunguko ni nusu milimita. Na kichwa kina pande sita, kwa hiyo upande mmoja ni sehemu moja ya sita ya milimita, kipimo ambacho rula ya shule haikupi. Msiamini tu neno langu: wekeni bolti kwenye rula na kuhesabu meno 10. Yakichukua milimita 10, ndiyo yenyewe. Bolti za zamani za robo inchi zinafanana nazo sana, lakini mzunguko wake mmoja ni karibu milimita 1.27, na ukichanganya aina hizi mbili hesabu yote inaharibika.

Toboa bomba mahali panne, tundu lipite pande zote mbili. Mbili za kwanza ni "miguu", zitakaa kwenye puli ya mashine. Mbili za mwisho ni "vidole", zitagusa puli ya injini. Choma nati moja kwenye kila tundu upande wa nyuma, mahali kichwa cha bolti kitakapokuwa, na weka nati nyingine ya kufungia upande wa mbele, ili bolti isiyumbe kwenye meno yake. Kuchomea kutalivuta bomba kidogo lipinde. Tena haidhuru, ila acha lipoe kabisa kabla ya kuendelea. Ncha za bolti zipigwe tupa ziwe za mviringo kama ncha ya kidole, si kali.

Miguu iachane kadiri puli ya mashine inavyoruhusu. Jambo hili tulijifunza kwa kukosea. Ikiwa miguu imeachana sentimita 10 tu na kidole kiko sentimita 120 kutoka mguu wa kwanza, uchafu kidogo tu chini ya mguu wa pili unaonekana kwenye kidole mara 12. Miguu ikiachana sentimita 30, ni mara 4.

Bolti zote nne na nati zote zinatumia spana moja. Wazo hili tumelikopa kwenye pampu ya mkono ya Afridev, iliyofanyiwa majaribio Malawi na hapa Kenya, pamoja na kule Kwale, miaka ya 1980. Waliobuni pampu hiyo walitaka watu wa kijiji waweze kuifungua wenyewe kwa spana moja bila kungoja gari la mafundi. Chombo kinachotaka spana tano, baada ya mwaka kina spana mbili.

Kuzinyoosha ncha

Hapa tunawashukuru wavuvi wa ziwani. Tafuta uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Ndani ya nyumba, mahali pasipo na upepo, ufunge kwenye misumari miwili na uuvute mpaka ulie kama kamba ya gita. Uzi utazama kidogo katikati kwa uzito wake, lakini ukiutazama kutoka juu hauendi kushoto wala kulia. Laza chombo juu ya vigoda viwili, ncha zikielekea kwenye uzi, kwa kimo kilekile. Zungusha bolti hadi ncha zote nne ziguse uzi bila kuusukuma. Weka karatasi nyeupe chini na tochi pembeni, utaona hata mwanya wa unywele. Ncha moja ikisukuma uzi, mwenzake wa jirani ataachwa na mwanya.

Zote zikigusa, kaza nati za miguu kwa nguvu. Vichwa vya vidole vipake nukta ya rangi upande wa juu. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kazi hii irudiwe kila kabla ya kupima, na hasa chombo kikisafiri. Kilichopakiwa kwenye lori pamoja na magunia hakiwezi kuaminiwa mpaka kionyeshwe uzi tena.

Angalizo la jua: usipime chombo kikiwa kimelala juani upande mmoja. Chuma kikipata moto upande mmoja kinajikunja. Kwa bomba letu, upande wa jua ukizidi wa kivuli kwa digrii 5 tu, katikati linapinda zaidi ya nusu milimita. Pima asubuhi, au ndani, na ushike bomba kwa kitambaa.

Kupima mashine

Zima injini. Funga mafuta, ondoa hendeli ya kuwashia, na mtu mmoja akae nayo mkononi. Kama ni mota ya umeme, zima kwenye swichi kuu na utoe fyuzi, uiweke mfukoni. Vidole vya watu vimekatika kwa sababu mtu fulani alidhani kazi imekwisha.

Safisha nyuso za puli. Bandika miguu kwenye uso wa puli ya mashine, maana mashine imefungwa kwenye simenti na haitasogea. Mtu mmoja ashike hapo kwa nguvu. Mwingine azungushe vidole mpaka viguse puli ya injini, kimoja kwenye ukingo wa karibu na kingine kwenye ukingo wa mbali, akihesabu mizunguko kwa sauti. Ncha ikitoka mbele ni hesabu ya kuongeza, ikirudi nyuma ni ya kutoa. Andikeni. Kisha zungusha puli zote mbili nusu mzunguko kwa mkono na mpime tena. Hapa ndipo ile habari ya kugeuza inaporudi: puli yenyewe inaweza kuwa imepinda, na ukipima mara moja tu utaisingizia injini kosa la puli. Chukueni wastani wa vipimo viwili. Vikitofautiana sana, tatizo ni puli au shafti, na kusogeza injini hakutasaidia.

Vidole vikipata hesabu sawa, lakini si sifuri, puli zimenyooka ila moja iko mbele. Sogeza puli kwenye shafti. Lakini kwanza angalia unene wa ukingo wa kila puli, toka usoni hadi mfereji wa kwanza. Ukitofautiana, tofauti hiyo iingie kwenye hesabu, kwa sababu tunalinganisha mifereji, si nyuso. Vidole vikitofautiana, injini imegeuka na itabidi izungushwe. Kwa kosa la tatu, la kuinama, chombo hiki hakioni. Tumia timazi mbele ya kila puli na upime mwanya wa juu na wa chini.

Injini ikihitaji kuinuliwa mguu mmoja, kata vipande vya bati la mkebe wa mafuta ya kula. Ili kujua unene wa bati, panga vipande 10, bana, pima kwa rula, gawa kwa 10.

Kwa ile mashine ya kina mama, kidole cha karibu kilisogea mizunguko 6 na cha mbali mizunguko 10. Tofauti ni milimita 4, na vidole viliachana sentimita 18. Ni zaidi ya digrii 1, yaani zaidi ya mara mbili ya kikomo, na jicho langu liliita hiyo "sawa". Tulilegeza bolti za injini, tukaigonga taratibu, tukapima, tukagonga, tukapima. Ilichukua mchana mzima. Mkishamaliza kukaza belti pimeni mara ya mwisho, kwa sababu belti yenyewe inavuta injini. Sisi ilitubidi turudie.

Nilipopita tena baada ya miezi mitano belti ilikuwa ileile. Kijana hakufukuzwa. Alipoulizwa anataka nini, alisema hataki pesa. Anataka mwenyekiti aseme mbele ya mkutano uleule kwamba belti hazikuibwa. Ikasemwa, na mimi nikasema langu la jicho. Chombo sasa kinaning'inia ndani ya nyumba ya mashine, mbali na dirisha, na daftari la vipimo linakaa kwa mweka hazina.

Chombo hiki hakitoshi kwa pampu na mota zilizounganishwa shafti kwa shafti bila belti. Huko makosa yanayoruhusiwa ni madogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita mara nyingi, na panahitaji saa ya kupimia ya fundi. Lakini hata huyo fundi mwangalieni: asipozungusha shafti na kusoma tena, mwulizeni kwa nini.

Zoezi la kikundi: Kabla ya mkutano ujao leteni pimamaji na skwea zote zilizo kijijini, hata za mafundi wa nyumba. Zikaguliwe kwa kugeuzwa mbele ya wote, na kila moja iandikwe kosa lake kwa rangi. Kisha angalieni belti kuukuu mlizozitupa. Je, zimeliwa pande zote mbili au upande mmoja? Upande upi, wa injini au wa ukuta? Na belti zenu za mwaka uliopita ziligharimu kiasi gani, mkijumlisha na nauli?